Trela tatu za Julai: Barbie, Oppenheimer na Mission: Impossible. Ipi imekushika?

KideoChaSinza (Dar es Salaam), 7 Julai 2023

Wakuu, Sabasaba njema.

Mwezi huu wapenda filamu tunavutwa huku na huku. Mission: Impossible – Dead Reckoning Part One inaanza tarehe 12, kisha tarehe 21 Barbie na Oppenheimer zinaingia ukumbini siku moja. Nyumbani bajeti inaruhusu kwenda mara moja tu, mimi na wadogo zangu wawili, na kazi ya kuchagua wameniachia. Nimeziangalia trela zote, za kwanza na za mwisho, na ningependa tuzilinganishe zenyewe kama trela. Habari za nani ana mashabiki wengi tuziweke pembeni.

Mimi trela naipima hivi: ikishakwisha, nimebaki na hamu ya kujua kitu gani? Kama nimeshaona steringi anaanzia wapi, anaumizwa na nani na analipizaje kisasi, basi picha nimeshaimaliza kwa bando la simu.

Kwa kipimo hicho Oppenheimer iko mbele. Ile ya kwanza ya Julai mwaka jana haikuwa na hadithi hata kidogo. Moto, uso wa Cillian Murphy anayemwigiza Oppenheimer, mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki, na saa inayohesabu kurudi nyuma kuelekea alfajiri ya 16 Julai 2023, miaka 78 kamili tangu Trinity, jaribio la kwanza la bomu hilo kule jangwani New Mexico. Lakini trela ya Mei ndiyo iliyoniteka. Jenerali Groves, mkuu wa kijeshi wa mradi ule, anayeigizwa na Matt Damon, anauliza kama kuna uwezekano kwamba wakibonyeza kile kitufe dunia nzima itaangamia. Oppenheimer anamjibu kuwa uwezekano huo unakaribia sifuri. Groves anashtuka: unakaribia? Sote tunajua bomu lililipuka na dunia bado ipo, tumesoma shuleni, ila kwa sekunde zile nilishika pumzi. Na mlipuko hawauonyeshi mzima. Tunapewa ndimi za moto na watu waliovaa miwani myeusi wakisubiri, basi. Mwongozaji wake, Christopher Nolan, amesema jaribio lile wamelitengeneza upya bila picha za kompyuta. Mtu mwenye kitu kama hicho mkononi angeweza kukimwaga chote kwenye trela, na hawakukimwaga. Naiheshimu sana subira hiyo.

Mission ina ule mruko wa pikipiki kutoka juu ya jabali, Norway. Unatisha, sibishi. Ila tangu Desemba studio yake, Paramount, walishatoa video nzima inayoeleza ulivyofanyika: mazoezini Tom Cruise aliruka kutoka angani zaidi ya mara 500, na pikipiki akairusha mara 13,000. Trela nayo inauonyesha, na treni inaporomoka darajani tunaiona. Ukumbini nitakuta nini ambacho sijakiona?

Barbie, ile ya mdoli maarufu, inapendeza macho. Pinki kila kona, Margot Robbie anang'aa, Ryan Gosling anachekesha. Uzito wa kunifanya nilipe nauli na tiketi za watu watatu bado sijauona.

Karibuni mchangie. Nawasilisha.

BintiKisauni (Mombasa)

Assalaam aleikum. Kaka wa Sinza, Oppenheimer umeiandikia aya nzima na Barbie umeipa mistari miwili. Hapo umelinganisha nini?

Rudi kwenye trela ya Desemba, ile iliyokuwa ikionyeshwa kabla ya Avatar ya pili. Wasichana wadogo wako kwenye nchi kavu ya mawe, wanachezea wanasesere wa vichanga, wanawabembeleza. Sauti ya Helen Mirren inasimulia kwamba tangu awepo msichana wa kwanza duniani, wanasesere wamekuwepo, lakini wote walikuwa vichanga tu. Mara, mbele yao, amesimama Margot Robbie mrefu kupita kiasi, na vazi la kuogelea la mistari myeusi na myeupe, lile lile la Barbie wa kwanza wa mwaka 1959. Wasichana wanamsogelea, wanamgusa, kisha wanawabamiza vichanga chini mpaka vichwa vinapasuka. Wamefuata sura kwa sura ule ufunguzi wa 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, wenye masokwe na lile jiwe jeusi, na muziki ni ule ule.

Mimi nina binti. Nilipoiona mara ya kwanza nilisisimka mwili. Kabla ya mwanasesere yule, mchezo wa msichana ulikuwa mmoja: kuwa mama. Mwongozaji Greta Gerwig amelisema hilo kwa muda mfupi, bila kutufungulia hata mlango mmoja wa hadithi. Kwa kipimo chako mwenyewe, kuna trela iliyofunga mdomo kuliko hiyo?

Halafu ya Mei. Barbie wote wanacheza dansi, furaha tupu, na yeye katikati anauliza: hivi nyinyi huwa mnafikiria kuhusu kufa? Muziki unakatika. Baadaye maji ya bafuni ni ya baridi, na visigino vyake, vilivyokuwa vimeinuka siku zote tayari kwa viatu vya mchuchumio, vinagusa sakafu. Anapelekwa kwa Kate McKinnon, anawekewa mbele kiatu cha mchuchumio na sendo ya Birkenstock. Kimoja kitamrudisha kwenye maisha yake, kingine kitamwonyesha ukweli wa ulimwengu. Anachagua mchuchumio bila kusita, anaambiwa hapana, chagua tena. Mdoli anaogopa kufa, na anasukumwa kuutafuta ukweli asioutaka. Kama hilo si uzito, sijui uzito unauzwa wapi.

Mkasi_KE (Nairobi)

Wadau, mimi kazi yangu ni kukata video, kwa hiyo niongeze jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Trela za studio kubwa kwa kawaida hazikatwi na mwongozaji. Studio huajiri kampuni ambazo shughuli yao ni trela tu, na mara nyingi zinaanza kazi filamu yenyewe ikiwa bado haijakamilika. Ndiyo maana kuna vipande unaviona kwenye trela na ukumbini huvikuti. Rogue One ya 2016, ya Star Wars, ilikuwa navyo vingi, hata kile ambacho Jyn, steringi wake, anasimama juu ya mnara uso kwa uso na ndege ya adui.

Kwa hiyo ukilinganisha trela, sehemu kubwa unalinganisha ujasiri wa studio. Studio ikiwa na woga inamwaga kila kitu. Terminator Genisys, 2015: trela ilitoboa kwamba John Connor, shujaa wa upande wa binadamu, ndiye aliyegeuzwa mashine, siri iliyobeba picha nzima, na mwongozaji Alan Taylor alisema waziwazi kwamba hakupendezwa. Cast Away, 2000: trela ilituonyesha Tom Hanks amesharudi nyumbani. Saa mbili za kuhangaika kisiwani, na mwisho unaujua tangu wiki iliyopita!

Sasa Kideo, kuhusu Mission nakupinga. Ule mruko wa pikipiki haukuwa siri wanayoilinda. Ndio bidhaa yenyewe, wameuweka dirishani makusudi ili utamani kuuona kwenye skrini ndefu. Walichoficha ni kingine. Sikiliza maneno ya Kittridge, mzee Henry Czerny, ambaye hatujamwona tangu ile filamu ya kwanza ya 1996. Anamwambia Ethan, yaani Tom Cruise, kwamba siku zake za kupigania kile kinachoitwa manufaa ya wote zimekwisha, achague upande. Vita ya nani? Inagombania nini hasa? Trela inakukimbiza Roma ndani ya kigari cha Fiat cha njano, huku amefungwa pingu na Hayley Atwell, na hilo swali linakupita huku umekodoa macho. Mkato safi sana ule.

Jambo moja la vitendo: kumbi za IMAX, zile zenye skrini kubwa kupita za kawaida, zimeahidiwa Oppenheimer kwa wiki tatu kuanzia tarehe 21. Anayeitaka Mission kwenye skrini hizo asiseme ataiona mwisho wa mwezi. Awahi wiki ya kwanza.

Likasi_Fils (Lubumbashi)

Jambo kwenu wote. Nasoma uzi huu toka asubuhi, na mimi mtu wa Katanga nina neno.

Trela zote za Oppenheimer nimeziangalia, na kila mara natega sikio nisikie jina moja: Shinkolobwe. Sijalisikia. Ni mgodi ulio karibu na Likasi, mji ambao wakati wa Wabelgiji uliitwa Jadotville. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Manhattan, ule wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki, ilitoka pale. Mkubwa wa kampuni ya madini ya Union Minière, Edgar Sengier, aliona vita inakuja, akasafirisha zaidi ya tani elfu moja za mawe yale mpaka New York mwaka 1940. Zilikaa ghalani Staten Island mpaka jeshi la Marekani lilipokuja kuziulizia mwaka 1942. Hakukuwa na mawe kama yale duniani. Mengine yalikuwa na oksaidi ya urani hadi asilimia 65, wakati migodi ya kwingine hata asilimia moja ilihesabiwa kuwa mali.

Waliochimba ni Wakongo. Walishika mawe yale kwa mikono yao, na hakuna aliyewaambia wameshika nini.

Trela inanionyesha wanasayansi, ubao wa hesabu, farasi, mji wa Los Alamos unajengwa jangwani. Inazungumza juu ya Wanazi, juu ya silaha ambayo haijulikani kama mtu yeyote anaweza kuaminiwa nayo. Madini yenyewe yametoka wapi? Kama yamedondoka kutoka mbinguni. Siwaambii msiende, mimi mwenyewe nitaitafuta niione. Ila mkipima trela, pimeni pia watu gani hawamo.

KideoChaSinza

Ndugu wa Likasi, asante sana. Hiroshima na Nagasaki nilizisoma, tarehe nazikumbuka mpaka leo, lakini njia ya kutoka Katanga hadi kule sikuwahi kuifuata kwa akili. Kila nikiiona ile trela sasa nitakuwa naangalia kilichoachwa nje yake. Trela ya dakika mbili tatu naweza kuisamehe. Picha yenyewe ina saa tatu, na huko kuna nafasi ya kutosha hata sentensi moja.

Dada wa Kisauni, ile ya Desemba nimeirudia na wadogo zangu. Wa kike alisema "wasichana hawa wana hasira" kabla hata sijafungua mdomo. Nakubali kwamba ni trela yenye kichwa. Lakini bado nina shaka: ya Mei imefunguka mno. Tunamwona anafika Los Angeles, anakamatwa na polisi, wakubwa wa Mattel, kampuni inayotengeneza mdoli huyo, wakiongozwa na Will Ferrell wanataka kumrudisha kwenye boksi, anakimbizwa na magari. Njia nzima naiona.

Mwinyi_Ghuba (Abu Dhabi)

Salaam kutoka Ghuba. Mission inanihusu, maana lile jangwa lenye farasi na dhoruba ya mchanga kwenye trela limepigwa huku, upande wa Liwa, na ndani ya filamu kuna kipande kwenye jengo jipya la uwanja wetu wa ndege. Juni 26 walifanya uzinduzi wa ukanda huu hapa hapa, kwenye Emirates Palace, na Tom Cruise alikuja.

Maoni yangu ni mafupi. Kwenye trela zile nyingine mbili unavutwa na mawazo, na nyumbani kwa kompyuta unaweza kuyawaza vile vile. Mission ni mwili wa mtu hewani. Kitu hicho kwenye simu hakipo, mtanisamehe. Kama ni kwenda mara moja, nenda kwenye kile ambacho ukumbi tu ndio unaweza kukupa.

Kibanda_Tandale (Dar es Salaam)

Mwinyi umenena. Na kwa sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, picha ya Cruise haihitaji mkalimani. Enzi za Lufufu, aliyekuwa akisimulia picha za nje kwa Kiswahili, tulikuwa tunacheka mpaka tunalia, na majirani zetu Kenya wana DJ Afro. Nikiitazama trela ya Mission namsikia kabisa msimuliaji akiingiza maneno yake pale kwenye treni. Oppenheimer ni watu wamekaa mezani wanabishana kwa sauti ya chini. Atakayeitia Kiswahili picha ile ikanoga, nitamvulia kofia.

ShangaziWaWaterloo (London)

Kideo mwanangu, mbona hakuna aliyekuuliza wadogo zako wana umri gani? Marekani, Mission na Barbie zimepewa daraja la PG-13, yaani wazazi wawe waangalifu na walio chini ya miaka 13. Oppenheimer imepewa R, yaani aliye chini ya miaka 17 aende na mzazi au mlezi, na miongoni mwa sababu walizotaja ni utupu na mambo ya chumbani. Trela haikuonyeshi hayo, kwa sababu inatengenezwa ionekane na kila mtu. Usije ukakaa katikati ya wadogo zako ukatafuta pa kuficha uso.

Upande wa ulinganisho, mimi niko na Oppenheimer, na nina sababu ambayo haijatajwa. Zirudieni trela mkiangalia rangi. Kuna vipande vya rangi na vipande vyeusi na vyeupe, na havikuchanganywa kwa ajili ya urembo. Nolan ameeleza kwamba penye rangi tuko ndani ya macho ya Oppenheimer mwenyewe; pasipo na rangi tunaangalia kutoka nje, na huko ndiko anakotawala hasimu wake Lewis Strauss, anayeigizwa na Robert Downey Jr. Ukishalijua hilo, trela inageuka kuwa ugomvi wa watu wawili kuhusu jambo lile lile, na bomu linakuwa nusu tu ya habari. Ili kuipata nusu ile isiyo na rangi, Kodak walilazimika kutengeneza filamu ya IMAX ya nyeusi na nyeupe ambayo haikuwahi kuwepo.

Mimi nitaiona BFI IMAX hapa Waterloo, kwenye mkanda halisi wa milimita 70. Wanasema mkanda mzima una urefu wa kilomita 18 na uzito wa kilo 270. Kumbi zenye mitambo hiyo hazizidi thelathini hivi duniani kote, kwa hiyo wengi mtaiona kwa dijitali, na hilo lisiwavunje moyo. Nyuso zile zitawafikia.

BintiKisauni

Shikamoo shangazi. Hilo la rangi limenifungua macho, nakwenda kuirudia sasa hivi.

Kideo, unasema trela ya Mei imefunguka mno. Hebu jiulize: Barbie anakwenda Los Angeles kutafuta nini hasa? Nani kamharibu? Ken, aliyejificha kiti cha nyuma, atafanya nini akigundua dunia ya kweli wanaume wanavyoishi? Umeonyeshwa barabara, hujaonyeshwa safari ni ya nini. Na yule mama anayeendesha gari wakati wanakimbizwa, America Ferrera, ni nani kwa Barbie? Hawajagusa.

Tena wiki hii trela hiyo imeleta mambo makubwa. Jumatatu Vietnam waliizuia filamu kwa sababu ya ramani, wakisema ina ile mistari ya China ya kudai Bahari ya China Kusini. Wengi wanaitaja ramani inayoonekana kwenye trela, na ukiisimamisha pale utaona mchoro wa kitoto wa kalamu za rangi. Studio imejibu kwamba ni hivyo tu, mchoro wa kitoto. Kipande cha sekunde chache kimefunga kumbi za nchi nzima. Mnaosema trela ya Barbie haina kitu ndani yake, wapo watu wanaoisoma kwa darubini.

Mkasi_KE

Na msisahau mwishoni mwa trela wamesema wazi: kama unampenda Barbie, filamu hii ni yako, kama unamchukia Barbie, filamu hii ni yako. Katika matangazo yote ya mwaka huu sijaona sentensi ya kibiashara iliyo na akili kuliko hiyo. Mattel wenyewe, wenye mdoli, wamekubali neno "kumchukia" liwekwe kwenye tangazo lao. Nilipoingia kwenye uzi huu nilikuwa upande wa Mission. Kama trela, naipa Barbie ya kwanza, Oppenheimer ya pili kwa ule mvutano wa Groves, Mission ya tatu na bado ni nzuri.

KideoChaSinza

Shangazi, nami nasema shikamoo. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 15, kwa hiyo Oppenheimer kifamilia imeondoka, na nakushukuru kwa kunitahadharisha mapema. Nitaiona peke yangu mfuko ukikaa sawa, nikiwa na maneno ya ndugu wa Likasi kichwani.

Zikabaki mbili. Jana usiku niliwawekea wadogo zangu trela ya Mission na ya Barbie bila kusema neno. Kwenye Mission walipiga kelele pale kwenye jabali, wakaniuliza saa ngapi tunakula. Kwenye Barbie, lile swali la kufa lilipoulizwa walicheka, kisha yule wa miaka 15 akaniuliza kwa nini mdoli aulize hivyo. Tulibishana mpaka umeme ulipokatika. Kwa kipimo nilichokileta mwenyewe hapa, Barbie imeshinda nyumbani kwangu. Tutakwenda Mlimani City wikiendi ya kwanza, tarehe 22.

BintiKisauni

Alhamdulillahi! Mvae pinki wote watatu, na wewe ukiwemo.

Mkasi_KE

Basi Kideo, kuanzia leo funga macho. Zikibaki wiki mbili studio huanza kumwaga vipande: matangazo ya televisheni ya nusu dakika, mahojiano yenye sehemu za filamu, video za jinsi ilivyotengenezwa. Vitu ambavyo trela ilivificha vizuri, humo ndimo vinakotoka. Waambie na wadogo zako wavipite vikitokea kwenye simu, hasa chochote chenye jina la Ken.